Mwaka wa Gitaa la Umma

Mzee Bwire tulimzika Kiseke, na msiba wake ulikuwa na watu wengi kuliko nilivyotarajia kwa mtu ambaye hakuwahi kuwa na cheo chochote nje ya geti la kiwanda. Nilikuwa nimekaa kwenye viti vya plastiki pamoja na kina mama wengine, miguu inaniuma, nikisikiliza vijana wawili nyuma yangu wakibishana kama serikali igawe boti za uvuvi au iwaachie watu wakope wenyewe, ndipo akashuka kwenye bajaji mzee mrefu mwenye mvi, na begi la safari begani. Alikuwa amevaa fulana nyeusi yenye maandishi ya ncha kali yasiyosomeka na kichwa cha mbuzi kifuani. Wazee wa mtaa, ambao macho yao hayasomi tena vitu vya mbali, walimshika mkono mmoja mmoja wakimshukuru kwa kuja na nguo ya msiba. Nikacheka, kwenye msiba, nikajifunika uso kwa khanga ili ionekane nalia. Ni Fuad peke yake duniani angeweza kuja kumzika Mzee Bwire na fulana ya hevi metali. Aliponifikia alisema, "Pepe, umekuwa bibi," nami nikamwambia aende akajitazame kwenye kioo, kisha kweli tukalia wote wawili.

Miaka mingi nimefundisha uraia katika sekondari moja upande wa Nyegezi. Kila mwaka nilichora mstari katikati ya ubao, ujamaa kushoto, ubepari kulia, nikawaandikia wanafunzi sifa na kasoro, wakanakili, wakafaulu, wakasahau. Sijawahi kuwaambia kwamba mimi mwenyewe mambo hayo sikuyapata ubaoni. Niliyapata Pasiansi, uani kwa mama yake Fuad, kwenye sinia la ugali wa muhogo na sato wa kukaanga, katika mwaka mmoja ambao nikiulizwa leo nirudishiwe upi katika maisha yangu, sitahitaji kufikiri. Habari za ukoo wangu na jinsi nilivyofika mjini naziruka. Inatosha kusema nilikuwa binti niliyetoka shule, nimeajiriwa karani wa muda katika stoo ya kiwanda cha nyuzi, na sikuwa na ndugu karibu wa kunikataza lolote.

Ulikuwa mwaka ule ambao redio haikuzungumza kitu kingine isipokuwa chama kimoja au vyama vingi. Tume ilikuwa inazunguka nchini kukusanya maoni, na hata wauza dagaa walikuwa na maoni. Chumba changu, nilichopanga kwa Mama Fuad, kilikuwa cha uani, na dirisha la mbao ambalo halikufunga vizuri, kwa hiyo kila kilichosemwa pale uani kilikuwa changu pia. Asubuhi niliamshwa na Mama Fuad akigombana na jiko la mkaa. Alikuwa mjane mnene, mwepesi wa kucheka, baba yake Mwarabu wa duka na mama yake Msukuma wa Magu, na alikuwa anaswali swala zake zote tano lakini akikasirika, hasira yake yote ilitoka kwa Kisukuma. Chai yake ilikuwa ya tangawizi na ililetwa na michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, pamoja na karanga. Nimekula vyakula vingi tangu hapo katika semina na mahoteli. Sijapata asubuhi nzuri kama zile.

Fuad, mwanawe wa pekee, alikuwa amerudi punde kutoka Ulaya Mashariki alikopelekwa na serikali kusomea ufundi wa umeme. Alikuwako huko serikali za kule zilipoanza kuanguka moja baada ya nyingine, na alirudi bila kazi, bila suruali ambayo haijachanika, lakini na mfuko mzima wa kanda. Nusu ya kanda zilikuwa za panki, neno ambalo kwetu lilikuwa la kinyozi tu, na nusu nyingine za hevi metali. Aliamini amekuja kutufungua macho. Jirani yetu Mzee Bwire, Mjita mkavu mwenye masharubu yaliyonyolewa sawasawa, alikuwa kiongozi na mpiga tarumbeta wa bendi ya kiwanda na mjumbe wa chama pale kiwandani, na aliamini macho yetu yako wazi kabisa. Kila Jumapili alikuja kula kwa Mama Fuad, maana mke wake alikuwa amefariki na mapishi yake mwenyewe yalimshinda. Kwa hiyo kila Jumapili mifumo miwili ya uchumi ilinawa mikono katika beseni moja.

Nakumbuka Jumapili ya kwanza Fuad alipoleta redio kaseti yake uani. Alianza na panki. Mzee Bwire alisikiliza huku akichambua mwiba wa samaki.

"Hawa wana ugomvi na nani?" aliuliza.

"Na serikali yao, Mzee."

"Serikali ipi?"

"Yoyote."

"Basi hao si wapinzani. Hao wana homa," akasema, akaendelea kula.

Fuad akabadilisha kanda, akaweka metali. Mzee Bwire akasimamisha tonge karibu na mdomo. Alikaa hivyo muda, kichwa amekiinamisha upande mmoja, na Mama Fuad akaniuliza kwa macho kama mgeni wetu amekwama na mwiba. "Hii ni karakana," akasema hatimaye. "Huyu wa ngoma anafuata mashine za kusokota. Nilifanya kazi pale ndani kabla sijawa msimamizi, naijua. Hawa wamefanya mazoezi. Wale wa kwanza wavivu." Fuad hakupendezwa, maana yeye mwenyewe alikuwa mtu wa panki zaidi, lakini Mzee alikuwa bado hajamaliza. "Wameajiriwa na nani?"

"Hawajaajiriwa na mtu. Ni bendi yao."

"Na magitaa ni ya nani?"

"Ya kwao. Kila mtu na lake."

"Wakigombana?"

"Kila mtu anaondoka na gitaa lake."

"Ndiyo maana wanapiga kelele," akasema Mzee Bwire. "Ningekuwa na bendi ambayo kila mtu anaweza kuondoka na gitaa lake, na mimi ningepiga kelele."

Fuad alikasirika. Alisema bendi ya kiwanda inasikilizwa kwa sababu ni hiyo hiyo, kama ilivyokuwa sabuni ya duka la ushirika, aina moja, ukitaka usitake. Alisema kule alikotoka aliona vijana wakikamatwa kwa sababu ya nywele. Mzee naye akamuuliza nauli ya kwenda kuziona hizo nywele ilitoka kwa nani. Walipandishiana sauti mpaka Mama Fuad akagonga sinia kwa mwiko. "Mayu, mama wee! Samaki anapoa. Mimi foleni za sabuni nilipanga mpaka nikavimba miguu, na sasa sabuni imejaa madukani naiangalia tu kwa macho. Atakayeniletea sabuni na kitu cha kufulia, huyo ndiye chama changu." Wakacheka wote, wakarudi kwenye chakula. Nimesoma vitabu vinene kuhusu habari hiyo na sidhani kama vimempita sana.

Sasa niseme kilichokuwa moyoni mwangu, maana siku zile sikukisema kwa sauti. Nilitaka kupiga gitaa la besi. Si kuimba, wala si kunengua. Bendi ilikuwa na wasichana wa kunengua na walikuwa wazuri kuliko mimi. Nilitaka lile gitaa la nyuzi nne. Stoo yetu ilipakana na chumba cha vyombo, na mazoezi yalipoanza sakafu chini ya meza yangu ilitetemeka, na sikujua kwamba kitu kinaweza kumshika mtu miguuni kabla hakijafika masikioni. Siku moja nilimwambia Mzee Bwire, nikitazama viatu vyangu. Nilitegemea acheke. Badala yake alinipeleka kwenye mlango wa chumba cha vyombo, akanionyesha maandishi meupe yaliyopakwa juu yake kwa rangi: MALI YA UMMA. "Kwenye umma wewe si umo?" akaniuliza. "Vyombo vya kiwanda ni vya mfanyakazi yeyote anayetaka kujifunza. Ndivyo kanuni ilivyo. Haikusema mwanamume."

Basi Jumamosi mchana, zamu ikishatoka, alinifundisha kwenye besi ya zamani iliyokuwa imeungwa shingo kwa bolti. Hakunisifu hata siku moja. Alinifanya nipige noti moja, ile ile, mpaka ncha za vidole zikatoka malengelenge na baadaye zikawa ngumu. Aliniambia besi ndiyo inayowaambia wengine wako wapi, kwa hiyo mpiga besi haruhusiwi kupotea. Kama kuna mtu anataka kujua kwa nini sikubali kusikia ujamaa ukitukanwa wote kwa jumla, ni kwa sababu ya ule mlango. Mtoto wa mkulima wa pamba, msichana, alikabidhiwa chombo cha umeme kilichotoka ng'ambo, kwa sababu tu kanuni ilisema yeyote.

Lakini kanuni hiyo hiyo ilikuwa na kamati. Mzee Bwire aliniombea nipande jukwaani na bendi, hata wimbo mmoja, na kwa kuwa alikuwa mtu wa taratibu alipeleka jambo hilo kwenye kikao. Nilikuwa stoo, ukuta ni wa mbao, nikasikia yote. Deus, mpiga besi wao, alisema mwanamke na besi mbele za watu itakuwa kichekesho, kama anapenda muziki aimbe. Mwingine akasema akipewa yeye, kesho watataka wote. Wakanyoosha mikono. Sikuona mikono lakini nilisikia Mzee Bwire akisema, taratibu, "Kura imekataa. Tunaendelea na ajenda." Nilimchukia jioni ile. Alipotoka alisimama mlangoni kwangu akasema, "Wengi wameamua, binti. Nikiivunja kura leo kwa sababu nakupenda wewe, kesho mwingine ataivunja kwa sababu anampenda mwingine." Alikuwa sahihi.

Fuad aliposikia alifurahi mno, na hilo liliniudhi pia. "Umeona? Kwetu hakuna kamati. Kwenye panki huombi ruhusa, hata kujua kupiga si lazima. Unapanda tu." Yeye alikuwa na gitaa moja alilolitengeneza upya mwenyewe, na rafiki yake Kulwa wa kupiga ngoma, nao walifanyia mazoezi katika ghala la mabati la marehemu baba yake, ambapo kelele zilikurudia mara mbili. Walikuwa na nyimbo chache walizozitunga. Mmoja ulikuwa na maneno matatu tu, "Sitaki", "Nataka" na "Sijui", yakirudiwa kwa ukali unaoongezeka, na kwa kweli hakuna wimbo mwingine ulioeleza mwaka ule vizuri zaidi. Walikuwa na jukwaa la kunipa. Hawakuwa na besi. Nami nilikaa hapo katikati: upande mmoja ulikuwa na besi ukaninyima jukwaa, upande wa pili ulikuwa na jukwaa bila besi. Nilipokuja kufundisha uraia nilitamani sana kuwaambia watoto kwamba mstari wa katikati ya ubao si chaki tu, kuna watu wanakaa pale.

Ubishi wa Jumapili ulipofika mahali pa kutosuluhika, Mama Fuad ndiye aliyeutafutia njia. Usukumani vikundi vya ngoma viko vya pande mbili, Bagika na Bagalu, na vikishindana havipokezani zamu. Vinacheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake wa uwanja, na watu wanakwenda wenyewe kwenye ngoma inayowavuta. Upande uliobaki na watu ndio ulioshinda, na hakuna jaji wa kuhongwa. "Chezeni hivyo," akasema Mama Fuad. "Nyie wawili mnasema mnajua watu wanataka nini. Waacheni watembee." Mzee Bwire, ingawa Mjita, alikuwa ameishi na Wasukuma vya kutosha, akakubali. Fuad akakubali kwa sababu alidhani atashinda.

Kisha Mzee Bwire akafanya jambo ambalo kamati yake haikulielewa. Alinikabidhi ile besi yenye bolti nikapige upande wa Fuad. Deus alimfokea kwamba anawapa adui silaha. "Perpetua ni mfanyakazi," alijibu, "na watakaomsikiliza ni wafanyakazi. Kura yenu ilikataa asipande na bendi. Haikukataa asipige." Hakutabasamu. Mpaka leo sijui kama aliiona njia hiyo tangu siku ya kikao.

Jumamosi ya mashindano, zamu ya mchana ilipotoka, uwanja wa mpira wa kiwanda ulijaa. Ziwa lilikuwa linameta nyuma ya mawe, na akina mama walikuwa wamekuja na karanga na mahindi ya kuchoma. Kosa letu lilikuwa moja, na lilikuwa la watu waliozoea ngoma za ngozi: hakuna aliyekumbuka kwamba ngoma za umeme zinakula kutoka chungu kimoja. Laini ilikuwa moja, kutoka karakana. Pande zote mbili zilipoanza kwa pamoja, fyuzi ikaruka, kukawa kimya, na watu wakapiga miluzi. Shija, fundi umeme wa kiwanda, akaibadilisha, ikaruka tena. Akasema laini haiwezi kubeba wote wawili kwa sauti kubwa. Ama mmoja anyamaze, ama wote wapunguze nusu.

"Wote nusu," akasema Mzee Bwire.

"Mzee, panki ya nusu sauti ni nini sasa?" akalia Fuad.

"Ni usawa, mwanangu."

Tukaanza kwa nusu. Bendi ya kiwanda haikupungukiwa kitu, walikuwa na tarumbeta na tumba, na rumba yao watu walikuwa wanaijua kwa moyo. Sisi tulisikika kama redio ya jirani. Niliona watu wakitutazama kidogo kwa adabu, kisha wakavuka mmoja mmoja kwenda upande wa pili, mpaka mbele yetu pakabaki Mama Fuad na mbwa. Fuad aliimba macho ameyafumba ili asione. Mimi sikuweza kufumba. Nilikuwa nimeisubiri siku hiyo kuliko kitu chochote, na nilikuwa napiga noti zangu zote mahali pake, na hakuna mtu aliyezisikia, hata mimi mwenyewe. Nilijiambia kwamba ikiisha nitarudisha besi chumbani na sitaigusa tena. Nilikuwa nimeamua kweli, jinsi msichana anavyoamua.

Kiwanda hicho kilikuja kufungwa, bendi ikavunjika, na vyombo vikaondoka na wenye mali wapya tusiowajua. Fuad alikwenda zake ng'ambo kutengeneza mitambo ya sauti ya watu wengine. Mimi nilipiga besi miaka kumi na zaidi katika bendi za hapa mjini, huku nasoma ualimu, na wanaume waliocheka mwanzoni hawakucheka mwishoni. Nimeona mfumo mmoja ukiondoka na mwingine ukiingia, nimefoka kwa ajili ya yote miwili na dhidi ya yote miwili, na nimepiga kura kila mara ilipofika zamu ya kupiga kura. Lakini nikijiuliza nilipata wapi moyo wa kuwa mtu wa kusikika, narudi kwenye uwanja ule.

Katikati ya rumba, tarumbeta ya Mzee Bwire ilikatika. Nilimwona ameishusha, anatutazama sisi kupitia vichwa vya watu. Alimpa Deus tarumbeta aishike, akaenda kwa Shija, akainama mwenyewe na kung'oa plagi ya bendi yake. Magitaa yao yakafa hapo hapo, zikabaki tumba, nazo zikafifia kwa mshangao. "Wape wote," akamwambia Shija, akionyesha upande wetu.

"Mzee!" Deus alipaza sauti. "Hatujapiga kura!"

"Leo sijauliza mtu."

Akaanza kuvuka uwanja. Katika ngoma zile kila mtu anaweza kuvuka, mtoto, mgeni, hata mke wa mchezaji. Manju, yule kiongozi wa kikundi, havuki. Akivuka ameshindwa mbele ya watu wote na kizazi chake kitakumbushwa. Mzee Bwire alivuka polepole, na shati lake la chama, mikono nyuma, na watu wakamwachia njia wakimwangalia kama wanaona jambo lisiloruhusiwa. Mimi nilikuwa nimeacha kupiga. Alikuja akasimama mbele yangu kabisa, hatua chache tu, uso umekaza.

"Umeme huo, binti," akasema. "Piga."

Niliugonga ule uzi mnene. Sauti ilitoka ikapita chini ya miguu yangu na nikaiona ikimfika yeye, maana alishtuka. Kulwa akaingia, Fuad akaingia na "Sitaki" yake, na mabati ya karakana yakawa yanalia nasi. Watu wakaja kwa kukimbia nyuma ya Mzee, sidhani kama ni kwa kutupenda; walitaka kuona kilichomtoa upande wake. Lakini walikuja, na walibaki, na wengine walianza kurukaruka. Mzee Bwire hakuruka. Alisimama pale katikati ya kelele ambazo najua zilimuumiza masikio, akanitazama mikono, mpaka wimbo ukaisha.

"Mna mwingine?" akauliza.

"Hatuna, Mzee," nikasema, nahema. "Zimeisha."

"Basi anzeni upya."

Tukaanza upya.